Mkwe Mwenye Mdomo Mfukoni

Mpendwa Baba Mkwe,

Kamwene.

Nimeandika salamu hiyo ya kwenu Uheheni, nikaweka kalamu chini, nikasubiri kabla ya kuendelea. Gaudensia alipita na kikombe cha chai akaniuliza ninamsubiri nani. Nikamwambia namsubiri baba yake aitikie. Hakucheka. Aliweka chai mezani akarudi jikoni, maana anajua tabia hiyo nimeitoa wapi.

Nina habari kubwa, na kwa kuwa hukupenda watu wanaozunguka mbuyu, naitoa mapema. Melkiori ameposa, na amepokewa. Kitindamimba wako ana mchumba anayetambuliwa na wazazi wa pande zote mbili. Na aliyekwenda kusema kwa niaba ya ukoo wako, Baba, ni mimi Ambokile. Nyumbani kwako hadi leo kuna wanaosema ni bahati. Wewe peke yako usingeshangaa, ndiyo maana nakuandikia wewe.

Lakini acha nianzie kule ulikonikuta. Wakati ule nilikuwa na duka langu la steshenari pale Uyole, nawajazia wanafunzi fomu za vyuo kwenye kompyuta. Kwenye magrupu ya simu nilikuwa mtu mkubwa. Nilikuwa kiongozi wa magrupu matatu, na nikiandika kichekesho asubuhi, hadi mchana watu wa Tukuyu walikuwa bado wanakirushiana. Dukani sasa, mteja akiingia nilikuwa namwonyesha kidole ukutani. Nilibandika karatasi yenye maelezo yote, bei zote, saa zote, hadi na jibu la swali la choo kiko wapi, ili mtu yeyote asije akanilazimisha kufungua kinywa.

Binti yako nilimpata kwenye grupu la mbegu za viazi. Alikuwa anasoma chuo cha kilimo, mwendo wa robo saa kwa miguu kutoka dukani kwangu, na tulichati miezi saba bila kuonana. Siku tulipoonana tuliagiza chipsi mayai, tukakaa. Nikatazama sahani. Akatazama sahani. Mara simu yangu ikalia, kufungua nikakuta ujumbe wake: "Mbona huongei?" Nami nikamwandikia: "Naogopa." Tukachati hadi chipsi zikapoa, meza moja, magoti yanakaribia kugusana. Mhudumu alidhani tumegombana. Hii hukuwahi kuisikia kwa sababu Gaudensia alinikataza nisikusimulie. Leo ameniruhusu, ila amesema niandike kwamba aliyeanza kuuliza ni yeye.

Sitaitukana simu, Baba. Bila simu nisingempata mke wangu, na wewe usingenipata mimi. Tatizo ni kwamba nilidhani imenipa mdomo.

Ikafika siku ya posa. Tulikuja kwenu, kule bondeni chini ya Tosamaganga, asubuhi ya baridi ya mwezi wa saba. Baba mdogo wangu ndiye aliyekuwa mshenga, msemaji wetu, na barua ya posa ameifunga kwenye kitambaa cheupe. Alisema vizuri sana yule mzee. Alipomaliza, ukapokea kitambaa, ukakiweka mezani, ukasema kwa upole: "Mshenga tumemsikia. Lakini binti yangu haolewi na mshenga. Sasa tumsikie kijana mwenyewe."

Gaudensia alikuwa amenionya kwamba utauliza hivyo, na mimi nilikuwa nimejiandaa. Siku mbili kabla nilifunga mlango wa duka nikajirekodi. Nilirudia mara kumi na moja. Ya kumi na mbili ikatoka safi, nikaichomekea na muziki laini wa kinanda kwa chini. Basi pale mbele yenu nikatoa simu, nikaiegemeza kwenye kitambaa cheupe, nikabonyeza.

"Shikamooni wazazi wangu," simu ikasema, kwa sauti nene kuliko yangu.

"Marahaba," ukaijibu. Ukasogeza kiti, ukainama kuelekea simu. "Hujambo? Mmetoka Uyole saa ngapi?"

Simu ikaendelea kwamba inaitwa Ambokile, mtoto wa tatu wa familia ya watoto watano. Ukainua mkono kuisimamisha, kama unavyomsimamisha mtu anayekukatiza. Haikusimama. Ukamgeukia mama mkwe ukamwambia, "Haisubiri hii." Ukaisikiliza hadi mwisho, na kinanda kilipofifia ukatikisa kichwa kwa heshima kabisa.

"Simu yenu ina adabu," ukasema. "Haijui tu kusubiri. Sasa mwenye simu yuko wapi?"

Nikafungua kinywa. Hewa ikatoka.

"Kumbe mkwe wetu ana mdomo mfukoni," ukasema, na nyumba nzima ikacheka, hadi baba mdogo wangu niliyekuja naye. Aibu ile niliibeba kutoka Iringa mpaka Makambako bila kugeuza shingo kutazama dirishani.

Ungeweza kurudisha barua siku ile na hakuna ambaye angekulaumu. Badala yake ulisema utaihifadhi sandukuni bila kuifungua. Nije kwako Jumamosi moja kila mwezi tupukuchue mahindi. "Siku nitakayochoka kukusikiliza," ukasema, "ndiyo siku nitakayoifungua." Njiani baba mdogo alisema Wahehe mna mambo. Mimi sikusema kitu, si unajua tena.

Jumamosi ya kwanza uliniomba simu. Nilidhani unataka kumpigia mtu. Ukaenda nayo jikoni, ukaisukumiza chini ya kuku aliyekuwa anaatamia, ukarudi unajipangusa mikono. "Iko salama," ukasema. "Yule hataki mchezo." Mchana ilianza kulia kule ndani na nikashindwa kujizuia, nikaenda kuichukua. Kovu bado ninalo, kwenye kidole cha shahada cha mkono wa kulia. Ulinifunga kitambaa bila kuniuliza chochote, kisha ukanisogezea hindi lingine.

Hukuwahi kuniambia, "Sasa nakufundisha kuzungumza." Ulinituma tu. "Nenda kamsalimie bibi wa jirani, uje na habari zake." Nilikwenda nikarudi baada ya dakika mbili, nikakwambia hajambo. "Hajambo si habari. Rudi." Nikarudi. Nikaja na habari kwamba anasalimia sana. "Rudi." Mara ya tatu nilichoka, nikakaa kwenye kigoda chake kwa kukosa la kufanya. Mara akaanza mwenyewe: ng'ombe amezaa jike, mjukuu ameenda Mafinga kupasua mbao na tangu aende hajatuma salamu, na usiku yeye hapati usingizi kwa ajili yake. Nilipokuletea habari hiyo uliweka gunzi chini. Ukavaa koti, ukaenda kwake wewe mwenyewe, ukakaa huko hadi jioni.

Kitu kingine kilichonitesa ni macho. Nilikuwa nainamisha uso kila ukiniangalia, na nilijua nafanya sawa, maana ndivyo tulivyolelewa, mkubwa hakodolewi macho. Siku moja ukaniambia: "Kuna kuinama kwa heshima na kuna kujificha. Wewe unajificha." Nilikasirika, Baba, sasa naweza kusema. Nilikasirika kwa sababu hakuna mtu mwingine aliyekuwa amegundua.

Na kulikuwa na kimya. Kwenye simu mtu akinyamaza dakika tano nilikuwa namtumia alama ya kuuliza. Kwako tulikuwa tunapukuchua nusu saa bila neno, nami jasho linanitoka, natafuta cha kusema, hata hali ya hewa, hata mpira. Ukaniambia, "Kimya si shimo, mwanangu. Usikimbilie kukifukia." Ilinichukua miezi mingi kukuelewa.

Mwezi wa saba wa Jumamosi zile, katikati ya kimya kama hicho, nilijisikia nakusimulia habari za baba yangu, jinsi alivyofariki nikiwa darasa la nne na jinsi siku ya mazishi watu walivyosema niagane naye nami sikuweza kutoa hata neno moja. Sikuwa nimemweleza mtu yeyote, hata Gaudensia. Niliongea hadi debe likajaa. Hukunikatiza. Nilipomaliza ulipenga kamasi, ukamwita mama mkwe, ukamwambia, "Lete lile sanduku. Nimechoka kumsikiliza huyu."

Siku hiyo hiyo, barua imeshafunguliwa na wote tunakula, ndipo uliposema lile neno. Ulimnyooshea kidole Melkiori, wakati ule bado anasoma sekondari, yuko kwenye kona anaperuzi simu chini ya meza. "Huyu naye siku atakapooa, atakayesema ni Ambokile. Wajomba zake wanajua kusema, hawajui kusikiliza." Watu wakacheka. Mimi nikacheka kuliko wote.

Halafu ukaugua, na ugonjwa wenyewe ukachagua kukunyang'anya ulimi. Wewe. Nilimlalamikia Mungu kwa hilo, na sijui kama nimemaliza. Nilikaa kando ya kitanda chako wiki zile za mwisho, mimi nasema, wewe unanijibu kwa kidole juu ya blanketi. Kugonga mara moja ilikuwa nimesikia. Mara mbili, endelea. Nilikusimulia bei ya mahindi, mvua, mjukuu wako alivyoanza kutambaa, na kila baada ya habari nilisubiri kidole. Melkiori alikaa upande wa pili wa kitanda, kichwa chini, simu mkononi. Nilimhukumu sana moyoni. Nilisema mtoto huyu baba yake anaondoka na yeye hata haoni.

Sasa nikupe habari za Chunya.

Melkiori alipata kazi kule ya kutengeneza pampu za maji za wachimbaji wadogo wa dhahabu, na huko akampata Atupele, binti wa mkulima wa tumbaku, Wanyakyusa kama mimi waliohamia zamani. Vijana wakapendana, hiyo ni heri. Lakini wakavishana pete, wakapiga picha na vumbi lote lile la Chunya, wakaiweka kwenye stetasi: "Amesema ndiyo." Mama mkwe alikuwa hajaambiwa. Baba yake Atupele alikuwa hajaambiwa. Yeye alikwenda dukani kununua chumvi, mwenye duka akamwambia, "Hongera mzee, umepata mkwe," akamwonyesha picha ya binti yake kwenye kioo cha simu.

Alirudi nyumbani bila chumvi.

Mjomba mkubwa akaenda kuwa mshenga. Alisema kwa saa nzima, tunaambiwa, na akarudishiwa kitambaa vile vile kilivyofungwa, fundo halijaguswa. Ukoo ukakaa kikao. Kijana mmoja akapendekeza lifunguliwe grupu la familia zote mbili ili tuombe radhi kwa pamoja. Nilimwona mimi wa zamani ndani ya mtoto yule, nikatamani kumpeleka kwa kuku. Ndipo mama mkwe akasema, "Baba yenu alishataja jina." Wote wakanigeukia. Melkiori naye aliniangalia, macho mekundu, na nikaelewa kwamba nikirudi na fundo lile mara ya pili, hakutakuwa na mara ya tatu.

Simu nilimwachia Gaudensia. "Na ukikwama?" akaniuliza. Nikamwambia nitakwama kwa mdomo wangu mwenyewe.

Nilimkuta Baba Atupele kwenye banda lake anachambua majani ya tumbaku, anayapanga kwa rangi na kuyafunga mafungu. Nilimsalimia kwa Kinyakyusa. "Ndaga," akajibu, bila kuinua uso. Nikasema nimetoka wapi na nimetumwa na nani. Akaendelea kupanga majani yake. Nikakaa chini, nikavuta lundo la majani, nikaanza kuchambua. Sijui tumbaku, Baba, na kila fungu nililofunga alilifungua akalifunga upya. Tulikaa hivyo hadi kivuli cha banda kikahama. Mkono wangu ulikwenda mfukoni mara mbili kutafuta simu. Maneno ya kuomba radhi nilikuwa nayo tele kichwani, mazuri, nimeyapanga njia nzima. Niliyaacha humo humo.

"Wewe huna simu?" hatimaye akauliza.

"Nimeiacha nyumbani, Baba."

Akafunga mafungu mengine mawili. "Mimi habari ya mwanangu wa kumzaa nimeisikia kwa muuza chumvi," akasema. "Watu wa mgodini waliijua. Watoto waliijua. Mimi nilikuwa wa mwisho."

Mjomba, nilikuja kujua baadaye, pale pale alikuwa amemjibu kwamba ndivyo vijana wa siku hizi walivyo. Mimi nilimwambia, "Ni kweli. Ulipaswa kuwa wa kwanza. Tumekukosea." Nikafunga mdomo. Kimya kikaja, kirefu, na sikukifukia.

Akaweka majani chini. Akaniangalia kwa mara ya kwanza, nami nikamtazama. "Huyo kijana wenu anajua hata kusalimia? Au naye atanisalimia kwa picha?"

Ndipo nikamsimulia habari yetu, Baba. Nilimsimulia simu juu ya kitambaa, kinanda, marahaba yako isiyosubiriwa. Nilipofika kwa kuku nikamwonyesha kovu. Alikishika kidole changu akakigeuza kwenye mwanga.

"Kuku?"

"Kuku, Baba."

Mabega yakaanza kumtikisika. Alicheka mzee yule mpaka mke wake akatoka ndani kuangalia kulikoni. Alipotulia akajifuta macho kwa mgongo wa mkono uliojaa vumbi la tumbaku. "Huyo mkweo ningependa kumwona," akasema.

"Amefariki, Baba. Ndiyo maana nimekuja mimi."

Akaitikia kwa kichwa, polepole. "Mlete huyo kijana," akasema. "Aje na mdomo wake."

Wiki tatu tulipukuchua mahindi na Melkiori barazani kwangu. Kuku wa kuatamia hatukuwa naye, Gaudensia akaizika simu ya mdogo wake kwenye pipa la unga, na ilitoka imezeeka, nyeupe kama babu. Nilimtuma kwa majirani wote wa Uyole. Wawili wamelalamika.

Siku ya siku tukaingia Chunya pamoja na mama mkwe, kitambaa kile kile mkononi mwangu. Nilisema yangu kwa ufupi nikakaa. Baba Atupele akamgeukia Melkiori.

"Shikamoo, Baba," Melkiori akasema.

Mzee hakuitikia. Nilijua anafanya makusudi. Simu yangu ile ingekuwa imeshafika kwa watoto watano. Melkiori alisubiri, ametulia kwenye kiti, macho yako wazi.

"Marahaba," mzee akasema. "Haya, sema."

Akajitaja jina. Akataja jina lako, na la kijiji. Halafu akafika penyewe, pa kuomba radhi, na sauti ikakatika. Kinywa kiko wazi, hewa inatoka. Mkono wake ukaenda mfukoni, ukakuta hakuna kitu. Watu wa chumba kizima wakatazama sakafu. Ningeweza kumsaidia, Baba. Mshenga ndiye mimi, maneno ninayo, na hakuna ambaye angeona ajabu. Akanitazama. Sikufungua mdomo. Niliweka mkono juu ya goti langu, nikagonga kwa kidole mara mbili.

Nilimwona akikitambua. Kumbe alikuwa anaona, Baba. Muda wote ule kando ya kitanda chako, kichwa chini na simu mkononi, alikuwa anahesabu kidole chako.

"Baba," akasema, "habari ya binti yako ulipaswa kuisikia kutoka kwangu. Uliisikia dukani. Nilikimbilia kuwaambia watu wote kwa sababu niliogopa kukwambia wewe. Naomba unisamehe. Na kama utanikubalia, naomba leo uisikie kwangu: nampenda Atupele, na nimekuja kumwomba kwako." Hakuongeza hata nukta.

Mzee akamwita binti yake atoke ndani. Akamuuliza kama anawafahamu wageni hawa. "Nawafahamu, Baba," Atupele akasema, kwa sauti iliyosikika hadi nje. Na yule mzee, kwa vidole vyake vyeusi vya tumbaku, akaanza kulifungua fundo la kitambaa. Mama mkwe akapiga kigelegele ambacho nadhani ulikisikia huko uliko. Mimi nililia, na sikujificha.

Dukani nimeibandua ile karatasi ukutani. Wateja wananiuliza choo kiko wapi, nawaambia, nao wananiambia wametoka wapi na mtoto anakwenda kusoma nini. Foleni imekuwa ndefu, wananung'unika, halafu ikifika zamu yao nao wanaongea.

Harusi ni baada ya mavuno. Nimepangiwa kusema kwa niaba yako, na safari hii mjomba mkubwa mwenyewe ndiye aliyependekeza. Nitasimama, nitawasalimia wote, na nitawaacha waitikie mpaka wa mwisho. Pumzika, Baba. Tumeweza.

Mkwe wako, ambaye siku hizi mdomo anaubeba usoni,

Ambokile